Shati la Kazi: Maji au Dawa?

Mwezi wa tatu mwaka jana mmoja wetu aliitwa kwenye usaili katika ofisi ya mawakili mjini Albany. Alikuwa na shati moja tu la kumfaa, jeupe, la pamba, na ukosi wake ulikuwa umeanza kugeuka rangi. Hakulifua mwenyewe. Alilipeleka kwa draiklina, kwa sababu sisi sote, watoto wa wahamiaji, tumekua tukisikia kwamba nguo ya ofisini haichezewi nyumbani. Binamu yake wa kiume, aliyekuwa na usaili wake wiki hiyo hiyo, alipeleka shati lake pamoja. Mashati yote mawili yalikuwa ya pamba, meupe, ya mikono mirefu. Walipokwenda kuyachukua, la binamu lilikuwa dola 3 na la mwenzetu dola 8. Karani aliwaonyesha stakabadhi: la mwanamume limeandikwa "kufuliwa", la mwanamke limeandikwa "draiklini".

Jumapili ile tulikula nyumbani kwa mwenzetu mwingine. Mama yake alizaliwa Uvira, akaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na sasa ni mwaka wa sita anapiga pasi mashati katika kiwanda cha kufulia nguo ambacho kinahudumia maduka mengi ya namna ile. Tulipomsimulia kisa cha mashati mawili alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Yote mbili ilifulwa na maji," alisema. "Shati ya pamba unaitia dawa ya nini? Jasho haitoki na dawa."

Tulidhani anatania. Tukaanza kusoma, tukaona kwamba Mama alisema kweli. Tukaona pia kwamba shati la kazi, liwe la karani, la mwalimu au la mhudumu wa hoteli, lina historia ndefu hapa Marekani, na ndani yake wamo watu wanaofanana sana na Mama. Ndiyo maana sisi wanne tumeamua kuiandika kwa ajili ya gazeti la klabu mwaka huu.

Kwanza maneno, maana mezani siku ile tuligombana zaidi juu ya maneno kuliko juu ya bei. Mama anasema kufula, sisi tuliosomeshwa Kiswahili sanifu darasani tunasema kufua. Mwalimu wetu alitukumbusha kwamba kufua ni pia kazi ya mhunzi, anayefua chuma, na kwamba nazi nayo hufuliwa ikitolewa makumbi. Yaani ndani ya neno lenyewe mna nguvu za mikono. Bibi wa mmoja wetu, aliyeko Mombasa, yeye alisema kwenye simu: "Semeni dobi, mnahangaika nini?" Dobi ni neno lililotoka Uhindi, likafika pwani pamoja na wafuaji waliokuja kufanya kazi hiyo, na bibi bado anamkumbuka dobi wa mtaa wao akiwa na pasi ya mkaa na kanzu zilizotiwa wanga hadi zinasimama zenyewe. Lakini dobi hufua kwa maji. Kwa ile kazi nyingine tumebaki na draiklini, neno ambalo wazazi wetu wote, wa Bukavu, wa Tanga na wa Kisumu, walilielewa bila kuelezwa.

Na neno hilo linadanganya kidogo. Draiklini si kavu hata chembe. Nguo inaingizwa kwenye mashine inayofanana na mashine ya kufulia, inaloweshwa na kuzungushwa ndani ya kiowevu, halafu inakamuliwa na kukaushwa. Tofauti ni kwamba kiowevu chenyewe si maji bali ni kiyeyushi, dawa inayoyeyusha mafuta na grisi. Sufi ikichemshwa na kusuguliwa majini nyuzi zake hushikana na nguo ikasinyaa. Hariri nayo inaweza kuchuja rangi au kupoteza umbo. Kwa hiyo suti ya sufi au tai ya hariri huenda kwenye dawa, na ni haki yake. Pamba ni kinyume. Uzi wa pamba ukilowa huwa na nguvu zaidi kuliko ukiwa mkavu, unavumilia maji ya moto, sabuni na kusuguliwa. Tena uchafu wa shati la kazi si grisi tu. Ni jasho, na jasho ni maji yenye chumvi. Chumvi huyeyuka majini lakini katika dawa ya mafuta haiyeyuki vizuri, ndiyo maana wenye kazi hiyo huongeza sabuni maalumu na maji kidogo ndani ya dawa wakitaka kuondoa madoa ya namna hiyo. Shati la pamba linalotiwa dawa kila wiki linaweza kubaki na jasho lake, likazidi kuwa la njano kwapani. Kumbe Mama alikuwa ameeleza kemia yote hiyo kwa sentensi moja.

Hizi ni kazi mbili basi, na kila moja ina ukoo wake.

Ukoo wa dawa unaanza na mtu ambaye tungependa kila mwanachama wa klabu amjue. Thomas L. Jennings alizaliwa New York mwaka 1791, Mwafrika Mmarekani aliyezaliwa huru katika jimbo ambalo bado lilikuwa na watumwa. Alikuwa fundi cherehani, na wateja wake walikuwa wakimletea nguo za bei kubwa zilizoingia madoa ambazo maji yangeziharibu. Akatafuta njia, akaipata, na tarehe 3 Machi 1821 serikali ya Marekani ikampa hataza ya njia yake ya kusafisha nguo bila maji. Ndiye Mwafrika Mmarekani wa kwanza anayejulikana kupewa hataza. Mtumwa asingeweza kuipata. Karatasi yenyewe iliungua mwaka 1836 pamoja na maelfu ya nyingine, moto ulipoteketeza ofisi ya hataza mjini Washington, na siri ya dawa yake ikaenda na moto huo. Fedha alizopata Jennings zilisaidia harakati za kupinga utumwa. Binti yake, Elizabeth, mwalimu wa shule, alitolewa kwa nguvu katika gari la abiria la kukokotwa na farasi mjini New York mwezi Julai 1854 kwa sababu ya rangi yake. Alishtaki kampuni, wakili wake akiwa kijana Chester A. Arthur ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani, na mwaka 1855 alishinda. Hiyo ilikuwa miaka mia moja kabla ya Rosa Parks. Sisi tuliosoma shule za hapa tangu chekechea hatukuwahi kufundishwa jina la baba wala la binti.

Vitabu vingi humpa sifa ya draiklini Mfaransa, Jean-Baptiste Jolly wa Paris, mwenye kiwanda cha kutia nguo rangi. Husimuliwa kwamba mtumishi wake aliangusha taa, mafuta ya tapentaini yakamwagika juu ya kitambaa cha meza, na pale yalipomwagika kitambaa kikawa kisafi kuliko sehemu nyingine. Hadithi ya taa hatuiamini sana, imekaa vizuri mno, lakini kwamba Paris ilikuwa na maduka ya kusafisha nguo kwa dawa katikati ya karne ya 19 ni kweli. Kutoka hapo kazi ilienea Ulaya na Marekani, na dawa zikabadilika kutoka tapentaini hadi benzini na petroli. Hizo zilisafisha vizuri, ila zilishika moto kwa cheche ndogo tu. Viwanda vililipuka, wafanyakazi wakaungua. Miaka ya 1920 wenye viwanda wakahamia kwenye mafuta mepesi yasiyoshika moto kwa urahisi kama petroli, na kuanzia miaka ya 1930 ikaja perkloroethilini, ambayo wenyewe huiita perki. Perki haiwaki kabisa. Kwa sababu hiyo mashine za draiklini ziliweza kutoka kwenye viwanda vya mbali na kuingia katika duka la kawaida, chini ya nyumba za watu, mtaani. Tutairudia perki mwishoni, maana habari yake haikuishia hapo.

Sasa ukoo wa maji, ambao ndio ukoo wa shati.

Katika karne ya 19 shati la mwanamume lilikuwa karibu sawa na nguo ya ndani. Juu yake palikuwa na kizibao na koti, na kilichoonekana na watu ni ukosi, au kola kama wengi wetu tusemavyo, na miisho ya mikono. Hapo ndipo uchafu ulipoonekana, na hapo ndipo heshima ya mtu ilipopimwa. Katika mji wa Troy, ng'ambo ya mto Hudson na karibu kabisa na Albany, inasimuliwa kwamba mwaka 1827 mwanamke aitwaye Hannah Lord Montague alichoka kufua mashati mazima ya mumewe ilhali kola tu ndiyo iliyokuwa chafu. Akachukua mkasi, akaikata kola, akaifua peke yake, akaishona tena. Kutokana na wazo hilo Troy ikawa mji wa kola za kubandua, ikatengeneza sehemu kubwa kabisa ya kola zote zilizovaliwa Marekani, na mpaka leo jina lake la utani ni Mji wa Kola.

Kola mpya haikuuzwa ikiwa imetoka tu kwenye cherehani. Ilipaswa kwanza kufuliwa, kung'arishwa kwa dawa za kuondoa rangi, kutiwa wanga na kupigwa pasi mpaka iwe ngumu na yenye kung'aa. Kwa hiyo pembeni ya viwanda vya ushonaji palikuwa na viwanda vya kufulia, na ndani yake mamia ya wanawake, wengi wao wahamiaji kutoka Ireland. Walisimama saa 12 hadi 14 kwa siku kati ya wanga unaochemka na pasi zinazotolewa moja kwa moja kwenye jiko. Aliyeunguza kola alikatwa fedha.

Mmoja wao alikuwa Kate Mullany, msichana aliyekuja kutoka Ireland, ambaye baada ya kifo cha baba yake alibeba familia kwa mshahara wa kufulia. Mwezi Februari 1864, akiwa na umri wa karibu miaka 19, yeye na mwenzake Esther Keegan waliwaunganisha wafuaji wapatao 300 wakaunda chama, wakagoma. Wiki haikuisha, wenye viwanda wakakubali kuongeza mshahara kwa karibu robo. Chama hicho kinahesabiwa kuwa miongoni mwa vyama vya kwanza vya wafanyakazi wanawake nchini Marekani vilivyodumu. Vingine vilizuka kwa ajili ya mgomo mmoja vikafa nao. Cha Troy kiliishi karibu miaka sita, kikalipa wanachama waliougua na kuzika waliokufa. Mwaka 1866 wafanyakazi wa kusubu chuma wa mji huo walipogoma, wafuaji wa kola waliwachangia dola 1,000. Tulipolisoma hilo tulikumbuka tena neno letu, kufua nguo na kufua chuma, ingawa mwalimu atatusahihisha kwamba kusubu si kufua.

Mwaka 1869 waligoma tena na safari hii wakashindwa. Wenye viwanda walishikamana, wakaajiri wengine, na wakati huo huo kola za karatasi zilikuwa zimeanza kuuzwa kwa bei ndogo, za kuvaa na kutupa. Mwaka uliofuata chama kikavunjwa. Nyumba aliyoishi Kate Mullany bado ipo Troy, ya matofali, ghorofa tatu, na imewekwa kwenye orodha ya majengo ya historia ya taifa mwaka 1998. Tulikwenda kuiona siku ya mvua, tukiwa na Mama. Tulimweleza habari za kola, wanga na pasi. Alisikiliza, akauliza swali moja: "Walikuwa na kiti?" Hawakuwa na kiti. Mama naye hana.

Tusidhani lakini kwamba mzigo huu ulikuwa wa wanawake wa Ireland peke yao. Kusini, baada ya utumwa kukomeshwa, kufua nguo za watu weupe ilikuwa kazi kubwa ya wanawake weusi, na walioipenda waliipenda kwa sababu waliifanya majumbani mwao, bila bwana kusimama juu yao, watoto wao wakiwa karibu. Atlanta mwezi Julai 1881 wafuaji 20 walikutana kanisani wakaanzisha chama na kudai bei moja kwa wote, dola 1 kwa kila ratili 12 za nguo. Walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwashawishi wengine. Baada ya majuma matatu walikuwa kama 3,000. Polisi waliwakamata baadhi ya viongozi, baraza la mji likatishia kumtoza kila mfuaji dola 25 kwa mwaka kama leseni. Jibu la wanawake ndilo lililotufurahisha: walimwandikia meya kwamba watalipa hizo 25, hata 50 wakitakiwa, maana mwenye leseni atakuwa na haki ya kupanga bei zake mwenyewe. Baraza likaliacha wazo hilo.

Magharibi wafuaji walikuwa Wachina. Hawakutoka kwao wakiwa madobi. Walifukuzwa migodini na kwenye kazi nyingine, wakabaki na kazi ambayo wanaume weupe hawakuitaka na ambayo haikuhitaji mtaji mkubwa wala Kiingereza kingi. San Francisco mwaka 1880 ilipitisha sheria ndogo kwamba mtu hawezi kuendesha nyumba ya kufulia katika jengo la mbao bila kibali maalumu. Karibu nyumba zote za kufulia mjini, kama 310 kati ya 320, zilikuwa za mbao, kwa hiyo neno "mbao" halikuwa na maana. Maana ilikuwa katika kibali. Wachina wapatao 200 waliomba, wote wakanyimwa. Waombaji wasio Wachina wapatao 80 wakapewa, isipokuwa mmoja. Dobi mmoja aliyekuwa amefua nguo pale miaka 22 aliendelea na kazi yake, akatozwa faini, akakataa kulipa, akafungwa. Kesi yake inajulikana kama Yick Wo dhidi ya Hopkins, na Yick Wo halikuwa hata jina lake bali la duka. Mwaka 1886 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote kwa sauti moja, iliamua kwamba sheria iliyoandikwa bila upendeleo lakini ikatekelezwa kwa upendeleo ni batili, na kwamba ulinzi wa Marekebisho ya 14 ya Katiba ni wa kila mtu aliyepo nchini, si wa raia peke yao. Mmoja wetu anasomea sheria na anasema kesi hiyo hutajwa hadi leo kila linapozuka swali la haki za wasio raia. Wazazi wa wawili kati yetu waliingia nchi hii bila kuwa raia. Haki waliyosimama juu yake ilipiganiwa na dobi.

Vipi basi kazi ya maji ikaja kukaa chini ya bango la draiklini? Kola za kubandua zilipoteza soko baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanaume walipozoea mashati laini yenye kola iliyoshonewa. Sasa ilibidi shati zima lifuliwe. Viwanda vikubwa vya kufulia kwa mvuke vilikuwa tayari vimechukua kazi nyingi za majumbani, lakini baada ya Vita ya Pili familia nyingi zilinunua mashine za kufulia na viwanda hivyo vikapungua. Nguo mbili hata hivyo mashine ya nyumbani haikuziweza: suti, kwa sababu ya maji, na shati la ofisini, kwa sababu ya pasi. Mteja aliyekuwa akipeleka suti kwa duka la perki mtaani akaona rahisi kuongeza na mashati yake matano ya juma. Mwenye duka akayapokea, na mara nyingi hakuyafua yeye. Aliyatuma kwa gari usiku kwenye kiwanda kama cha Mama, yakarudi yakiwa kwenye viango na plastiki, sawa kabisa na suti. Mteja aliona bango moja, kiango kimoja, akaamini dawa ni ile ile.

Mama alitueleza yanayotokea huko. Mashati yanafuliwa kwa maji ya moto na sabuni kali, yanatiwa wanga kwa anayetaka, yanakamuliwa lakini hayakaushwi. Yanapigwa pasi yakiwa na unyevu. Mashine moja hushika kola na miisho ya mikono. Nyingine ina umbo la kifua cha mtu: unalivika shati, unabana, unabonyeza, moto unakuja pande zote mbili na mvuke unapanda hadi usoni. Yeye na mwenzake wanatoa mashati mengi kwa saa, na hesabu yao inaandikwa ukutani. Kwenye mikono yake kuna alama za kuungua zilizopangana kama ngazi, kutoka kifundo hadi kiwikoni.

Hilo umbo la kifua ndilo utetezi wa bei ya dola 8. Wenye maduka husema mashine ilitengenezwa kwa mashati ya kiume. Shati dogo la kike halikai juu yake, lina mikato ya kubana kiuno, kwa hiyo hupigwa pasi kwa mkono. Kwa shati dogo sana ni kweli, Mama mwenyewe amekubali. Lakini shati la mwenzetu lilikuwa saizi kubwa, mkato wa kawaida, na lingeweza kuvikwa kwenye mashine bila shida. Tofauti yake na la binamu ilikuwa upande wa vifungo. Jiji la New York lilikataza tangu 1998 kutoza bei kwa kufuata jinsia katika huduma kama hizi, na jimbo zima likafuata kwa sheria iliyoanza kutumika mwishoni mwa Septemba 2020. Sheria inaruhusu bei kupanda kama kazi yenyewe ni kubwa zaidi au inachukua muda zaidi. Hairuhusu ipande kwa sababu shati ni la mwanamke. Mwenzetu alirudi na stakabadhi yake. Alirudishiwa dola 5, bila maneno, na bango la bei ukutani halikubadilishwa. Sisi hatukubaliani kama tungeshtaki au la. Wawili wanasema ndiyo. Mmoja anasema duka lenyewe ni la familia ya wahamiaji kama zetu na faida yao ni senti. Yule mwenye shati anasema angependa kwanza wasimwandikie "draiklini" kitu ambacho hakikufanyika.

Imebaki habari ya perki. Dawa iliyosifiwa kwa kutowaka moto ilikuja kuonekana kuwa na madhara mengine. Mvuke wake huleta kizunguzungu na kuumwa kichwa, unaweza kudhuru ini na figo, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la vitu ambavyo yamkini vinasababisha saratani kwa binadamu. Ilimwagika pia ardhini nyuma ya maduka mengi na kuingia kwenye maji ya visima. California iliamua mwaka 2007 kuiondoa polepole, na ifikapo 2023 mashine zake zilipaswa kuwa zimeisha katika jimbo hilo. Desemba 2024 idara ya serikali kuu ya kulinda mazingira ilitoa kanuni ya kuiondoa kwenye draiklini nchi nzima kwa muda wa miaka 10. Wapo wanaotumia dawa nyingine sasa, na wapo walioamua kurudi kwenye maji hata kwa sufi, wakitumia mashine zinazodhibiti joto na mzunguko pamoja na sabuni laini.

Tulimsomea Mama kanuni hiyo kwa Kiswahili, tukitafsiri mstari kwa mstari, na ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote katika makala hii. Alituambia jambo ambalo mwanawe hakuwahi kulisikia. Kabla ya kuhamishiwa kwenye mashati, alikaa miaka miwili nyuma ya kiwanda, upande wa suti, karibu na mashine ya perki. Alikuwa akirudi nyumbani kichwa kinamuuma, akadhani ni baridi ya huku. Aliomba mwenyewe kuhamia kwenye mashati, akijua kuna moto na hakuna kiti, kwa sababu upande ule harufu ilikuwa ya sabuni.

Alituuliza kama miaka 10 inahesabiwa kuanzia lini, na kama mashine ile ya zamani itaondoka kabla hajastaafu. Kuna mama mwingine anayefanya kazi pale sasa, wa Burundi, ameanza juzi. Mwanawe ameandika swali hilo kwa Kiingereza, Mama akaliweka kwenye mkoba wake pamoja na chakula cha mchana, akalipeleka kwa msimamizi siku ya Jumatatu.